Kanuni yangu ya mizigo imemponza Selemani

Leo basi la Lindi limeingia Kilwa Masoko na hakuna bodaboda hata mmoja aliyesogea.

Abiria wakadhani tumegoma!

Kumbe ni kanuni yangu. Jana wenzetu wawili waligombea begi la dada mmoja mpaka akaanguka. Nikapendekeza: atakayegusa mzigo kabla abiria hajamwita, basi linalofuata halimhusu. Kijiwe kizima kikakubali.

Basi leo tumetulia kama tuko msikitini.

Akashuka mama, mtoto mgongoni analia kwa homa, mfuko mzito mkononi. Akatutazama.

"Jamani, hapa kuna msiba?"

Kila mtu anaogopa kuanza. Hata mimi.

Selemani akashindwa kuvumilia. Akaupokea ule mfuko.

"Panda mama, nikuwahishe hospitali."

Aliporudi akasema mtoto ameshapata dawa. Kisha akazima pikipiki, akakaa pembeni.

Nikamwambia, "Selemani, rudi kwenye foleni bwana. Wewe umesaidia mgonjwa."

Akakataa.

"Ukinisamehe mimi leo, kesho mtu atavuta begi la abiria halafu aseme aliona mgonjwa. Utamjuaje?"

Nikamwacha akae.

Basi la pili likaja. Wenzake wote wakaitwa, wakaondoka na abiria. Yeye akabaki anatazama tu, mikono mfukoni.

Sasa ndugu zangu, nisaidieni kufikiri: kanuni gani itamzuia mnyang'anyi bila kumuumiza Selemani?