Siku Nilipovunja Kasha la Nahodha

Nimewahi kushikwa na walinzi wawili kule Zanzibar kwa kuvunja kasha nililotengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi.

Naitwa Gozbert, fundi seremala, Keko. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya mtaani ni Fredrick, karani wa ofisi fulani. Jamaa anajua kila kitu. Ukimwambia umeumwa jino, yeye kaumwa mawili.

Huyo ndiye aliyetuburuza Zanzibar kwa boti, kwenda na kurudi siku moja, eti tukaangalie maonyesho ya mambo ya bahari. Watu kumi na wanane, fulana za njano, yeye na filimbi shingoni. Filimbi! Kwa watu wazima wenye wajukuu.

"Fundi, wewe usikose," aliniambia mara tatu. "Nakuomba sana."

Nilijua tu anatafuta mtu wa kumbebea madumu ya maji.

Kwenye boti nusu ya jumuiya ilitapika. Yeye anagawa mifuko huku anahutubia kuhusu mawimbi. Nilimdharau mpaka nikasikia raha.

"Baba Vaileth, punguza mdomo," mke wangu Yustina akaninong'oneza. "Kakukosea nini?"

"Ananikera hata akipumua."

Tukafika. Nanga, ramani, picha za manahodha wenye masharubu. Fredrick akatupitisha mbio mpaka chumba cha mwisho. Katikati, nyuma ya kamba, kasha la mninga lenye misumari ya shaba. Juu yake bango kubwa: KASHA LA NAHODHA, KARNE YA KUMI NA TISA.

Nikaganda.

Kasha lile nililitengeneza mie, mwaka juzi. Mama Sakinabai wa Mikocheni aliniletea picha ya kasha la zamani, akataka niifuatishe. Nililala nalo na kuamka nalo miezi minne.

Kumbe kawauzia hawa kama mali ya kale! Miaka ishirini na miwili natengeneza vitanda vya watu. Kazi moja tu ya maana nimefanya maishani, nayo wamempa nahodha aliyekufa. Iliniuma kweli.

"Ndugu zangu, sogeeni," Fredrick akaanza, kakunjua karatasi. "Kasha hili..."

"Nyamaza!" nikamkata. "Utatuambia nini wewe kuhusu mbao? Hilo kasha la Keko! Nimetengeneza mie!"

"Fundi, ngoja basi nimalize..."

"Singoji! Matapeli wakubwa nyie!"

Nikaruka kamba. Chini ya kitako cha kasha niliandikaga jina langu kwa penseli, kwa hiyo nikalipindua ili walione. Mfuniko ukachomoka kwenye bawaba, ukapiga sakafu, ukapasuka katikati.

Jina lilikuwepo. Nikalionyesha kwa kidole, nacheka kwa dharau. Nilicheka peke yangu.

Walinzi wakanidaka. Fredrick akainama kwenye kibao kidogo kilichokuwa mbele ya kamba, akakisoma polepole.

"Nakala ya kasha la nahodha. Kazi ya fundi Gozbert wa Keko, Temeke. Zawadi ya Sakinabai, kwa heshima ya mafundi wetu walio hai."

Kisha akanigeukia.

"Niliona picha ya kasha hili na kibao chake kwenye simu mwezi uliopita," akasema. "Ndiyo maana nimewaleta wote hawa, Fundi. Tulitaka kukupigia makofi."

Nilitamani ardhi inimeze. Yustina hakuniangalia mpaka tunashuka boti.

Nimeomba radhi kwa kila mtu, na mfuniko nimeuunga, ila ufa unaonekana. Wewe unayesoma hapa, najua yupo mtu unayemdharau. Mdharau ukipenda, lakini mwache amalize kusema.