Gari Lililomkataa Mke Mwenzangu

Wapo wanaocheka nikianza kueleza. Wananiambia, Mama, hiyo ilikuwa batiri tu. Wacheke. Mimi nilikuwemo ndani ya gari lile. Aziza, mke mwenzangu, naye alikuwemo, na yuko hai mpaka leo, anauza mawese sokoni Rumonge. Nenda kamuulize. Atakueleza nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, na sijapata kuitoa yote kwa mtu kabla yako.

Ilikuwa miaka ya vita. Sisi watu wa mwambao wa ziwa tulikuwa tumeshazoea. Asubuhi unauliza kwanza: njia ya Bujumbura iko wazi, au wamepiga gari tena huko Gitaza? Wakisema iko wazi, unapakia mzigo. Wakisema hapana, unashusha. Mume wangu, Baba Hadija, alikuwa na biashara ya mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese yale niliyakamua mimi. Miaka na miaka. Mikono yangu ilikuwa na rangi ya machungwa mpaka kwenye kucha, hata siku ya harusi ya binti yangu sikuweza kuiondoa.

Basi siku moja Baba Hadija akarudi kutoka Bujumbura akiendesha gari dogo jeupe, lililokwisha kutumika, aliloachiwa na mtu aliyekuwa akihama nchi kwa haraka. Mtaa mzima wa Waswahili ukatoka nje kuangalia. Na unajua nani alikuwa amekaa kiti cha mbele, kiwiko nje ya dirisha? Aziza. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu aolewe.

Nilizunguka gari, nikagusa boneti, nikasema mashallah. Moyoni nilikuwa nawaka.

Lazima nikueleze jambo hili bila kupunguza, ama sivyo hutaelewa yaliyofuata. Nilikuwa na wivu. Usiku nilikuwa nahesabu mara ngapi Aziza anacheka chumbani kwake. Kanzu za mume wetu zikija kufuliwa, nilizinusa kwanza. Akimletea yeye kitenge na mimi kitenge, nilivipima kwa mkono kujua kipi kirefu. Mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto waliokwisha kuhama nyumbani! Nilijionea haya, na sikuacha.

Gari lilianza vituko wiki ile ile. Honi inalia yenyewe uani, hakuna mtu ndani. Taa zinawaka mchana kweupe, na ukifika jioni batiri haina kitu. Injini nayo inakwenda vizuri mpaka sokoni, halafu inakohoa, inazima. Baba Hadija akalipeleka kwa Kasongo, fundi Mbembe aliyekimbia kutoka Fizi, ng'ambo Kongo, mtu wa kanisani, mpole, aliyekuwa na karakana yake kando ya barabara. Kasongo akabadilisha batiri. Likazima. Akabadilisha buji, vile vidude vinavyotoa cheche ndani ya injini. Likazima. Akafungua waya zote, akazifuata moja moja kwa vidole siku nzima. Jioni likawaka vizuri sana, Aziza akapanda ili warudi nyumbani, na likazima pale pale.

Kesho yake Kasongo alikuja nyumbani, akanikuta peke yangu.

"Mama," akasema, "gari hii iko muzima. Mimi nimeshaangalia yote. Lakini nimeona kitu. Bibi mudogo akipanda, inakufa. Akishuka, inawaka. Wewe ukipanda, iko sawa. Mimi ni mukristo, sisemi zaidi."

"Umemwambia Baba Hadija?"

"Nimemwambia. Amenifukuza."

Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mke mkubwa amefunga gari. Wallahi, sikwenda kwa mganga yeyote. Lakini sikukanusha pia. Nilinyamaza, nikawaacha waogope. Na kila Aziza aliposhushwa barabarani na viatu vyake vya visigino, gari likanguruma mara tu mguu wake ulipogusa chini, nilikwenda jikoni nikacheka ndani ya kitenge changu. Nilikuwa naamka mapema kulipangusa vumbi gari lile. Nililipenda. Lilikuwa upande wangu.

Sasa sikiliza.

Aziza alipopata mimba, Baba Hadija alichinja mbuzi. Kwa Hadija alichinja kuku, kwa mdogo wake hakuchinja kitu. Siku ile, baada ya wageni kuondoka, mvua kubwa ikanyesha. Mume wetu alikuwa amekwenda msikitini kuswali alasiri, ufunguo wa gari mfukoni mwake. Aziza amelala. Mimi nikatoka uani nikaingia ndani ya gari, nikakaa kiti cha mbele, kile kile cha Aziza, nikalia.

Nikiwa nalia, vifuta-kioo vikaanza kutembea. Vyenyewe. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikainua macho kwenye kioo cha katikati, kile cha kuangalia nyuma, nikaona mwanamke amekaa kiti cha nyuma.

"Amahoro, dada," akasema.

"Amahoro," nikajibu.

Utashangaa kwa nini sikukimbia. Siku zile wakimbizi walikuwa wanajificha popote, kwenye vibanda, kwenye mitumbwi, uani kwa watu. Nilidhani ni mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa kitenge cha kijani. Halafu nikaona kitu. Nje maji yalikuwa yanamwagika, lakini yeye alikuwa amejaa vumbi. Vumbi jekundu, kavu, mpaka kwenye nyusi.

"Umekaa mahali pangu," akasema. "Lakini wewe kaa. Wewe nakuruhusu."

"Pako kwa vipi?"

"Nilikaa hapo miaka minane. Siku ya kukimbia gari likazima njiani. Mume wangu akaniambia, shuka unisukumie kidogo. Nikashuka, nikasukuma, likawaka. Hakusimama. Mke mwenzangu alikuwa ameshahamia mbele." Akasogea mbele kidogo. "Wewe unataka nini, dada?"

Nilipaswa kusoma aya. Nilipaswa kufungua mlango nipige yowe. Unajua nilifanya nini? Nilimjibu. Nilimjibu kwa sauti, kama mtu aliyeulizwa sokoni anataka nini.

"Sitaki akae humu," nikasema. "Sitaki afike popote na mume wangu."

"Nimesikia."

Nilipogeuka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Vifuta-kioo vimesimama. Nilikaa pale mpaka Baba Hadija akarudi, akaniuliza nafanya nini, nikamwambia nilikuwa najikinga na mvua.

Kwa miezi iliyofuata Aziza hakupanda gari lile hata mara moja. Akikaribia tu, injini inazima. Mwishowe akaacha kujaribu, akawa anakwenda kliniki kwa miguu, tumbo mbele. Nami nilikuwa nakaa kiti cha mbele. Niamini, sikuwa na furaha niliyoitarajia, kwa sababu Baba Hadija alikuwa akiendesha polepole makusudi, anaangalia nyuma kama Aziza anafuata vizuri.

Halafu vita vikashuka Rumonge. Alfajiri milio ya bunduki ikaanza juu milimani, ikateremka. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengine wakashika njia ya Nyanza-Lac. Na katika kelele zile, Aziza akashikwa na uchungu. Baba Hadija akakimbilia hospitali, akakuta wauguzi wameshaondoka.

"Tutajaribu gari," akasema.

Tukamweka Aziza mbele, kiti kimelazwa, mimi nikakaa nyuma. Akageuza ufunguo. Likawaka. Likawaka vizuri, bila kukohoa! Baba Hadija akasema alhamdulillah. Nami nikasema vilevile, nikadhani yameisha. Sikukumbuka maneno niliyoyatoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Sikukumbuka kwamba nilisema asifike popote.

Lilitupeleka mpaka msitu wa Kigwena, katikati kabisa, mahali ambapo miti imefunga pande zote mbili. Hapo likazima. Waliokimbia mapema walikuwa wameshapita. Nyuma yetu bunduki zilikuwa zinasikika. Baba Hadija akaruka, akafungua boneti. Aziza alikuwa anauma ukingo wa kitenge chake asipige kelele.

"Mwambie ashuke," sauti ikasema kando yangu.

Alikuwa amekaa karibu nami, bega kwa bega. Kitenge cha kijani, vumbi kwenye nyusi.

"Anazaa," nikasema.

"Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Walinishusha."

"Nilisema kwa hasira, dada. Nimeacha. Nisamehe."

"Ulitaka, nikakupa. Gari hili haliendi na wake wawili. Mmoja abaki hapa."

Aziza akageuka. "Dada mukubwa, unasema na nani?" Hakumwona. Mpaka leo anasema hakumwona, alinisikia mimi tu nikizungumza.

Sasa nakuomba usinihukumu haraka. Nilimwangalia Aziza, jasho shingoni, mkono wake umeshika kanzu ya mume wetu iliyoachwa pale kitini, ameishika kama kitu chake. Na nikawaza: akibaki yeye? Nilipumua mara moja. Nikapumua mara ya pili. Aziza akanyoosha mkono wake mwingine nyuma, akanishika kidole, akakiminya, uchungu umempanda. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikafungua mlango nikashuka.

Mguu wangu wa pili ulipogusa lami, injini ikawaka. Baba Hadija alikuwa bado ameinama kwenye boneti, hakushika ufunguo wowote. Akafunga boneti, akarukia usukani, akanipigia kelele: "Ingia! Ingia, Mama Hadija!"

Nikaweka mguu ndani. Likazima.

Nikautoa. Likawaka.

"Ingia!" akasema mara ya pili. Nikajaribu tena ili aone. Likazima, likawaka. Akaona. Alinitazama, midomo imefunguka, halafu akamtazama Aziza.

"Nenda," nikamwambia.

Hakunisihi mara ya tatu. Alikuwa na haki ya kwenda, mtoto alikuwa njiani, bunduki zilikuwa nyuma. Lakini nakueleza yaliyo moyoni: hakunisihi mara ya tatu, na jambo hilo limenikaa hapa kifuani mpaka leo. Gari likaondoka. Nikaliangalia linavyoingia kwenye kona, na kupitia kioo cha nyuma nikaona vichwa vitatu. Cha nyuma kilikuwa kimegeuka kunitazama.

Nilitembea kutwa nzima, nikalala chini ya michikichi, nikafika Nyanza-Lac kesho yake mchana, miguu imevimba. Nikawakuta. Mtoto alikuwa amezaliwa salama, msichana, na Aziza alikuwa amempa jina langu. Gari lilikuwa limeegeshwa nje, na Baba Hadija akasema halikuzima tena hata mara moja. Sikulikaribia. Baada ya siku chache wanajeshi walilichukua, wakaliendesha wakaenda nalo, na sisi hatukuliulizia.

Ungesema yameisha, sivyo?

Hali ilipotulia tukapanda basi kurudi Rumonge. Nikakaa dirishani. Shoferi akageuza ufunguo, kimya. Akageuza tena, kimya. Abiria wakaanza kunung'unika. Mimi nikajua: aliyetakiwa kubaki njiani ni mimi bado. Nikashuka bila kusema kitu, basi likawaka. Toka siku ile hakuna injini inayokubali kunibeba. Nimejaribu basi, lori la mawe, pikipiki, mtumbwi wa mota. Kasongo, ambaye alirudi akafungua tena karakana yake, alinikalisha kwenye magari kumi tofauti. Yote yalikufa. Alilia, maskini, akaniombea kwa dini yake, nami nikasema amina. Rumonge wananijua. Makondakta wakiniona kituoni wananisalimia kwa adabu na kunionyesha kwa mkono niendelee mbele.

Vita vilikwisha, miaka ikapita. Baba Hadija akaugua, akalazwa Bujumbura. Aziza alikwenda kwa basi siku ile ile. Mimi nikatoka asubuhi kwa miguu. Nilipita pwani yote ya Muhuta, kina mama waliokuwa wanaanika ndagala Gitaza walinipa maji na mahali pa kulala, nikawaambia murakoze, asante, na wema wao sitausahau. Siku ya tatu nikaingia mjini. Nilikuta ameshazikwa jana yake.

Aziza alinikumbatia mlangoni pa nyumba ya msiba, analia. Akaniambia, "Dada, alikuwa anakuulizia. Mpaka mwisho. Alikuwa anasema, mukubwa amefika wapi? Amefika Gitaza?"

Lilikuwa neno la kunifariji. Na mimi, mwanamke mzee, miguu inatoka damu, unajua niliwaza nini? Nilimwonea wivu kwa sababu maneno yale aliyasikia yeye.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukinunua gari lililokuwa la mtu, usiangalie injini tu. Uliza nani alikuwa anakaa ndani, na alishukaje. Na kama una mtu unayemwonea wivu, mwendee, mwambie usoni, mgombane, majirani wasikie, halafu mnyamaze. Usiende kulia peke yako mahali ambapo hujui nani amekaa nyuma yako. Na ukisikia sauti inakuuliza kwa upole unataka nini, fungua mlango utoke mvuani, hata kama una jibu tayari.