Neno la Bibi Kabla ya Jua Kuzama

Juzi mjukuu wangu, macho kwenye simu, aliniruka miguu. Nilikuwa uani nimeinyoosha, nachambua maharage. Neno la bibi yangu likanipanda hadi kooni. Nikalimeza.

Wewe hukumjua bibi, mama wa mama yangu, aliyenilea kijijini Mwazye. Ukivunja chungu, fimbo. Mbuzi wakiingia kwenye mahindi, fimbo. Lakini ukimdharau mtu mzima, kama kumruka miguu, fimbo hukuiona. Alisema kwa sauti ya chini, "Umevuka mpaka," basi. Hapo ulitakiwa uje upige magoti, upige makofi taratibu, kabla jua halijazama. Ukichelewa, hakuitikia tena salamu yako. Dada yake mwenyewe alikufa hajaitikiwa.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori yakaanza kuja kijijini kununua mahindi, yakituletea sabuni za kunukia na biskuti. Mjomba, mtoto wa kiume pekee wa bibi, akawa mtu wa kuwakusanyia wenye malori mahindi. Alasiri moja bibi alikuwa chini anapepeta ulezi, miguu kaiweka mbele, pumba zinapeperuka. Mjomba, debe begani, akairuka kama anaruka gogo, akaelekea ghalani.

Ungo ukasimama. "Umevuka mpaka."

"Mama nawe! Lori linangoja," mjomba akacheka. "Hayo tutayaongea kesho."

Vijana wa lori wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jua lilipoinama, bibi akaniita. "Kamwambie mjomba wako aje sasa hivi. Simtumii mtu mara ya pili."

Nikakimbia. Dereva akanipandisha kwenye lori, akanipa biskuti, akaniacha nipige honi. Nilipokumbuka nilichotumwa, jua lilikuwa limezama, matuta ya shamba meusi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, bibi."

Akafunika ulezi wake, akaingia ndani.

Asubuhi mjomba alipiga magoti mlangoni, makofi, "Shikamoo, mama." Tulisikia kuku tu. Alirudia kila siku hadi mvua za kwanza, kisha akahamia Sumbawanga mjini. Salamu ya mwisho aliitoa mbele ya jeneza.

Ghala lile limebomoka. Watoto wetu hata ningewaambia neno la bibi, nani angejua kwamba anatakiwa apige magoti? Tumebaki wawili tunaolijua. Mjomba amezeeka sasa, na kila akija kwangu husema, "Mama alikuwa na roho ngumu. Hata mtu wa kuniita hakumtuma."

Nami humwongezea chai.