Mbwa Asiyejua Udongo

Keateka, mzee anayetunza jengo letu la kupanga, alinikuta juu ya paa nikimsukumia mbwa chakula. Anatoka Murang'a, ni mpole, na si mtu wa kupanda ngazi za ploti yetu bila sababu. Nilipomwona amefika huku juu akihema, nikajua kuna jambo. Alisimama mbali na mbwa, akavua kofia, akaniambia kwamba wapangaji wamemlalamikia mwenye ploti. Wamechoshwa na mavi na mikojo kwenye paa. Mwenye ploti angekuja Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, ajionee kwa macho yake. Mbwa awe amezoea kwenda haja nje, chini, kama mbwa wa watu wengine, la sivyo aondoke.

"Mimi nimetumwa tu, mama," akasema. "Lakini ningekuwa wewe, ningeanza leo."

Mwenye mbwa alikuwa mume wangu, na mume wangu hakuwepo. Ni dereva wa lori la mizigo, na wiki hiyo alikuwa njiani kuelekea Kampala. Ndiye aliyemleta mbwa yule hapa Tassia, mtaa wetu wa Nairobi, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, wakati wezi walikuwa wakipanda usiku kuiba nguo zilizoanikwa. Wakati huo hakuna aliyelalamika. Kila mtu alimfurahia. Watu walimpandishia mifupa na makoko ya ugali, na nguo zikaacha kupotea. Lakini mbwa alikua. Hakuwahi kushuka ngazi hata mara moja. Alilelewa kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, akala hapo, akalala hapo, akajisaidia hapo. Jua likiwaka harufu ilipanda, na mvua ikinyesha maji machafu yaliteremka ukutani hadi kwenye madirisha ya watu.

Mimi nilikuwa namwogopa. Nililelewa mtaa wa Jericho, na siku moja nikiwa mtoto, nikitoka sokoni na mboga, mbwa wa mtu aliniuma mguuni. Kovu ninalo hadi leo. Mume wangu akisafiri, nilimlisha mbwa wetu kwa kuisukuma sufuria na mpini wa ufagio, kisha nikarudi nyuma nikimtazama. Hakuwahi hata kuningurumia. Lakini woga wa namna hiyo hauulizi sababu.

Jioni hiyo nilimpigia mume wangu. Mwanzoni alicheka. Akaniambia mbwa hana neno, nimfunge shingoni mshipi wa zamani wa suruali yake na nimteremshe asubuhi na jioni, atazoea. Akaniomba nisimpe mtu. Nilikata simu nikiwa na hasira. Yeye alikuwa kwenye kiti cha lori, na mimi ndiye niliyebaki na meno ya mbwa.

Kabla sijaanza, nilikutana na jirani kwenye mfereji wa maji. Anakaa ghorofa iliyo chini yetu, na ana mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mtoto huyo alikuwa amelazwa kwa kuhara hadi macho yakaingia ndani, na ndiyo kwanza walikuwa wamerudi nyumbani. Jirani aliamini ni uchafu wa mbwa. Nguo za mtoto zilianikwa kule juu, na mtoto huziweka mdomoni. Huenda alikuwa anasema kweli. Alijaza ndoo yake, akaifunika, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Mimi sigombani na wewe. Lakini mtoto wangu akirudi hospitali tena, huyo mbwa hatamaliza wiki."

Nilipanda na maneno hayo.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mshipi haraka haraka, nikaruka nyuma. Alikubali. Tatizo likawa ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza alilala kifudifudi, akaubana mwili kwenye sementi kama anayeogopa kuanguka kutoka mlimani. Nikavuta, akagoma. Nikaketi ngazi chache chini yake, nikamwonyesha kipande cha mkate, akateremsha mguu mmoja, kisha mwingine, huku akilia kwa ndani. Watu waliokuwa wakienda kazini walikwama nyuma yetu. Wengine walicheka, wengine wakafyonza. Tulipofika chini nilikuwa nimelowa jasho.

Nyuma ya ploti yetu kuna kiwanja kilichokuwa hakijajengwa, udongo mweusi na nyasi chache, na mfereji wa maji taka pembeni. Nilidhani mbwa yeyote angekiona na kushukuru. Wetu alisimama pale mkia ukiwa katikati ya miguu, akaanza kutetemeka. Bodaboda ilipopita alijificha nyuma ya sketi yangu. Aliinua mguu mmoja kutoka kwenye matope, akautazama, akauinua wa pili. Nikangoja mpaka nikachelewa kazini. Hakutoa hata tone. Nilipomrudisha juu, alikimbia moja kwa moja hadi kando ya tangi, akakojoa kwa muda mrefu kama mtu aliyetoka safari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi na jioni. Tunateremka kwa vita, tunasimama kiwanjani, tunapanda, anajimwaga juu. Nami ninachota maji, ninasugua paa kwa sabuni, nikiomba jirani asitoke kuanika. Alitoka mara nyingi. Alisimama na beseni la nguo kiunoni, akatazama, akarudi nalo ndani. Heri angenitukana.

Jambo moja nililiona nikiwa nasugua. Kuna mpangaji aliyekuwa amepanda sukuma wiki kwenye gunia huko juu, na gunia lilikuwa limepasuka, udongo ukamwagika. Mbwa alikuwa amekojoa hapo. Wala haikuwa mara moja, alama zilionyesha amekuwa akienda hapo mara kwa mara. Nikakaa na ufagio mkononi nikifikiri. Kumbe huyu hakatai udongo. Kinachomtisha ni mahali. Kule chini hakuna harufu anayoijua, na kila kitu kinapiga kelele. Basi kama hawezi kuufuata udongo, nitamletea.

Nilinunua karai, nikaenda kiwanjani na jembe la kuazima, nikalijaza. Keateka aliniona nikipita mlangoni nimejitwika udongo, akaniuliza kama ninajenga. Nililiweka karai pale pale kando ya tangi, nikasafisha paa lote lililobaki kwa dawa ya madoa mpaka macho yakaniwasha, harufu ya zamani iishe. Jioni mbwa alilizunguka karai, akanusa, akanitazama. Kisha akapanda juu yake, miguu yote minne imebanana, akakojoa. Nilimpa mkate wote niliokuwa nao. Nilimpa kwa mkono. Nilikuja kulitambua hilo baadaye, nikiosha vyombo.

Tangu hapo kila asubuhi niliteremka na mbwa kwa mkono mmoja na mfuko wa udongo uliolowa mkojo wake kwa mkono mwingine, nikaumwaga mahali pamoja kule kiwanjani, ajinuse. Alianza kusimama bila kutetemeka. Alinusa, akazunguka, akachuchumaa nusu, kisha kitu kikapiga kelele akaacha. Tulikuwa karibu sana. Lakini Jumapili nayo ilikuwa karibu, na karai la mikojo juu ya paa lisingemfurahisha mwenye ploti yeyote.

Jumamosi alasiri nilikuwa napandisha udongo mpya. Nilipofika ghorofa ya jirani mkono ulikufa ganzi, nikalitua karai sakafuni mbele ya mlango wake. Mlango ukafunguka. Alikuwa amembeba mtoto begani, na mtoto alikuwa anaonekana mnyonge. Nikamwambia pole. Nikamuuliza hali ya mtoto, akasema ameanza tena tangu usiku, anangoja mumewe arudi waende hospitali. Kisha akaliangalia karai, akauliza udongo ni wa nini.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwamba mbwa hajawahi kukanyaga udongo maishani mwake, kwamba sasa ameacha kuchafua paa, kwamba ninamfundisha harufu yake mwenyewe ili kesho, Mungu akipenda, aende nje. Nilimwambia pia kwamba ninamwogopa mbwa huyo. Sijui kwa nini nilisema hilo.

Alimhamisha mtoto bega la pili. Kisha akasema, "Acha hiyo karai. Kimbia juu. Nimeweka nyama."

Sikuuliza nyama gani. Nilipanda ngazi nikishika ukuta. Mbwa alikuwa amesimama karibu na kamba za nguo, na kitu kilikuwa mdomoni mwake. Alikuwa akitafuna kwa upande, polepole, akifurahia. Niliita, akatingisha mkia, akaendelea kutafuna.

Nikamshika taya. Nilimpanua mdomo kwa mikono miwili, nikaingiza vidole hadi kooni, nikaona meno yote, nikahisi ulimi wake wa moto na nyama ikiteleza. Akaningurumia kwa mara ya kwanza. Sikutoa mkono. Nikaivuta nyama ikatoka kwa vipande, imepakwa kitu cha kijani kibichi, sumu ya panya. Nikaitupa, nikamwosha mdomo kwa maji ya tangi, nikampanua tena, nikamwosha tena, akikohoa na kujaribu kunitoroka. Alipotulia niliona damu kwenye kidole changu. Jino lilikuwa limenikwaruza. Hakuwa ameniuma.

Nilimpigia muuzaji wa duka la dawa za mifugo karibu na steji ya matatu. Akaniuliza amemeza kiasi gani, nikamwambia sijui. Akasema ikiwa ataanza kuvuja damu puani au kulegea, nimlete mbio, daktari yuko. Nikamwingiza mbwa nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, nikamlaza sakafuni jikoni, nikaketi kando yake nikimtazama pua. Kila alipofumba macho nilimtikisa.

Kabla ya jua kuzama jirani alibisha. Mumewe alikuwa chini na pikipiki, walikuwa wanaondoka na mtoto. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Alikula?"

"Sijui. Labda kidogo."

Akamtazama mbwa, naye mbwa akamtazama. "Nilikuwa nimeamka usiku wote na huyu," akasema, akimaanisha mtoto. "Sikuwa nafikiri vizuri." Nikamwambia aende, mtoto asichelewe. Nilitaka kumchukia, na nilipotazama miguu ya mtoto ikining'inia ndani ya soksi kubwa kuliko yenyewe, nikashindwa. Nikamwambia anipigie wakifika.

Hakupiga. Nilikesha nikisubiri mambo mawili, simu na pua ya mbwa, na sijui ni lipi lililonisumbua zaidi.

Alfajiri mbwa alisimama na kwenda mlangoni. Hakulegea. Alikuwa hajaenda haja tangu alasiri, na nyumbani kwetu hakukuwa na karai wala tangi. Nilimfunga mshipi. Ngazi alizishuka mwenyewe, akinivuta, na ghorofa ya pili nilidhani atanimwagia pale pale, kwa kuwa alisimama na kuzunguka. Nikamwambia twende, twende, kwa sauti ya chini, nikimpapasa shingo. Tukafika chini. Keateka alikuwa anafungua lango, akasogea kando. Kiwanjani kulikuwa kimya, ni saa ya watu kujitayarisha kwenda kanisani. Mbwa alienda hadi pale nilipozoea kumwaga udongo wake, akanusa, akazunguka, akachuchumaa. Alifanya yote mawili. Niliinama nikakagua mavi ya mbwa kwa taa ya simu nikitafuta damu, na nilipokosa kuiona, nikaketi kwenye jiwe.

Mwenye ploti alikuja na suti yake ya kanisani. Alizunguka paa lote, akachungulia nyuma ya matangi, akavuta pumzi kwa pua. Nilikuwa nimeliondoa karai. Akamuuliza keateka kama ni kweli mbwa anashushwa chini, keateka akajibu kwamba leo asubuhi amemwona kwa macho yake. Mwenye ploti akasema sawa, lakini harufu ikirudi, hakuna mkutano wa pili. Akaondoka.

Jirani alirudi katikati ya wiki. Mtoto alikuwa amewekewa maji kwenye mshipa na alikuwa akicheka tena. Daktari hakuwaambia kilichomharisha ni nini, na mpaka leo hakuna anayejua kama ilikuwa mbwa, maji, au kitu kingine. Mimi tangu wakati huo ninachemsha maji yetu yote.

Mume wangu aliporudi alishangaa kumkuta mbwa amelala jikoni na mimi nikimruka kwenda kuchukua sufuria. Nilimweleza habari za karai na udongo, akacheka mpaka akatoa machozi. Habari za nyama sikumwambia. Ninamjua, angeshuka kugonga mlango ule, na ningelazimika kuchagua upande.

Kile kiwanja sasa kinajengwa, ghorofa nyingine, na tunalazimika kutembea mbali zaidi kila asubuhi. Wakati mwingine tunakutana na jirani kwenye ngazi akiwa amemshika mtoto mkono. Yeye hujibana ukutani, mimi huufupisha mshipi, tunasalimiana. Huniuliza nimeamkaje, nami humuuliza mtoto ameamkaje. Hatujawahi kunywa chai pamoja.