Kiswahili cha Tata

Watu hunisifu kwamba nina ulimi mwepesi, na husema hivyo kana kwamba niliutolea jasho. Sikutoa jasho lolote. Kama lugha zingekuwa zinagawiwa kwa bidii, baba yangu angezijua zote, nami ningebaki na Kihaya changu shambani.

Tata, kama tulivyomwita nyumbani kwetu Izimbya, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Mchungaji alikuwa mmoja kwa vijiji vingi, na mara nyingi mtu alizikwa kabla hajafika. Ndivyo alivyozikwa kaka yangu wa kwanza, ambaye mimi sikumwona, mvua ikinyesha na pasipo mchungaji wa kusema neno. Siku ile Tata alivua kofia akaomba mwenyewe. Tangu hapo wakawa wanamwita kila penye msiba, na akianza kuomba kwa Kihaya, wanawake waliokuwa wamejikaza walianza kulia. Alimtaja marehemu kwa shamba lake, kwa ng'ombe wake, kwa namna alivyokuwa akicheka. Akataka sasa awe mchungaji kweli, ili penye kaburi pasikose mtu. Lakini chuo kilikuwa mbali, masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na kabla ya kupelekwa ilikuwa lazima asimame Bukoba mjini mbele ya wakubwa wa misheni, aseme nao kwa lugha hiyo.

Mimi Kiswahili nilikiokota Muleba. Nilikaa kwa mjomba, aliyekuwa na duka kando ya barabara ya Biharamulo, na pale walipita madereva wa malori na wachuuzi wa kila kabila. Hakuna aliyenifundisha. Msimu wa kahawa uliofuata nilirudi nyumbani nakisema, nikiwa bado na mapengo ya meno ya utotoni. Tata alinisikia nikimkemea mbuzi kwa Kiswahili, akaona amepata wa kumfundisha.

Shida ilikuwa moja. Binti wa Kihaya humpigia baba yake magoti akimsalimu. Hawezi kukaa naye akamwambia amekosea. Mama ndiye aliyepata njia. Jioni, tulipokuwa tukichambua kahawa kavu kwenye jamvi, alinitaka nimfundishe mdogo wangu, mtoto ambaye hata Kihaya chenyewe kilikuwa bado kinampiga chenga. Nikawa namfundisha kwa sauti kubwa: hili ni jembe, nimekuja kuomba, sisi tumesikia. Tata aliinamia kahawa yake upande wa pili wa jamvi, akisogeza midomo.

Mdogo wangu akacheka, akashika. Tata hakushika. Neno lililoingia jioni, asubuhi lilikuwa limekwisha toka. Alfajiri nilimsikia migombani akirudia peke yake, akikosa palepale, akianza upya. Sijaona mtu mzima akifanya kazi namna ile, na mpaka leo hunipanda hasira nikimsikia mwalimu akisema kwamba mwanafunzi asiyeshika lugha ni mvivu.

Siku ilipofika nilimsindikiza, nimembebea chakula. Tulilala kwa shangazi yangu Kibeta, asubuhi tukashuka mjini. Nilikaa nje, chini ya dirisha. Hotuba aliyoikariri aliisema mpaka mwisho, nami nikaanza kupumua. Kisha Mzungu mmoja akamwuliza, kwa upole kabisa:

"Mzee, kwa nini unaitaka kazi hii?"

Swali jepesi. Jibu lake alilijua kila mtu nyumbani kwetu. Nilimsikia akisema "mimi", halafu "mtoto", halafu kimya. Mwingine akalirudia swali polepole, na kwangu upole wao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mimi pale chini jibu lote lilikuwa limenijaa kinywani, nikaliuma. Walimshukuru. Alitoka ameshika kofia kwa mikono miwili.

Tukaanza kupanda tena Kibeta. Hapo akasimama, akaniambia kwa Kihaya, "Lile swali. Wewe ungelijibu vipi?"

"Waitu, Tata..." nikaanza, kwa neno letu la heshima.

"Sema."

Nikapiga magoti pale njiani, nikasema kwa Kiswahili, "Kwa sababu mwanangu alizikwa bila mchungaji wa kumwombea, nami sitaki mwingine azikwe hivyo."

Kusikia alisikia yote. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ndiyo hayo hayo," akasema. "Kwako ni mepesi hivyo?"

Nikainuka, nikapangusa magoti. Tukaendelea kutembea. Jioni zilizofuata alichambua kahawa nyuma ya nyumba, peke yake, na mama hakunitaka tena nimfundishe mtu.

Tata alinipeleka shule. Nikaongeza Kiingereza, nacho kikaja bila kunisumbua, nikawa mwalimu, tena mkalimani wa kanisa kila alipokuja mgeni. Yeye aliendelea kuwazika watu wa Izimbya kwa Kihaya chake mpaka mapafu yalipomshinda, Mwingereza akiwa bado anatawala.

Mchungaji wetu alikuwa safarini wakati wa msiba ule, kwa hiyo akaletwa mwingine, mtu wa mbali asiyejua Kihaya. Nilisimama kando ya kaburi la Tata nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, sikuacha neno, na watu walisikiliza kama wanaosikiliza tangazo la serikali. Hakuna aliyelia. Mchungaji alipofunga kitabu chake, mama akanishika mkono.

"Hayo yalikuwa ya mgeni," akasema. "Sasa mwombee baba yako."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na lugha tatu, na iliyotakiwa pale ilikuwa ile niliyozaliwa nayo. Nikasema "Tata", halafu "shamba lake", halafu sikuweza tena. Nililijua kila neno alilokuwa akiwaambia wengine, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja naye. Watu walingoja kwa upole, kama alivyongojwa yeye mjini, mpaka wanaume wakatazamana, wakashika majembe, wakaanza kufukia.