Bamba kwenye Dirisha la Matusek

Ukitaka kumuudhi Leland Matusek, mwonyeshe behewa la gadi la uongo. Nasema yale ya madukani: kiwanda kinatengeneza umbo moja, kisha kinalipaka jina la reli hii, na reli ile, na ile nyingine, kana kwamba reli zote za Marekani zilizaliwa na mama mmoja. Sisi wengine wa klabu ya treni ndogo za kuchezea tulinunua tukanyamaza. Leland aliligeuzageuza kiganjani, akashusha pumzi, akalirudisha mezani.

"Hili si letu," alisema. "Wamelivalisha tu shati letu."

Letu maana yake ni la Reli ya Tamarack Valley, iliyopita hapa Bellmere, Ohio, mpaka walipoing'oa. Treni zetu ndogo zinakimbia katika chumba kilicho chini ya kanisa la Walutheri, juu ya meza zinazozunguka chumba kizima, na mji wote wa zamani umo: ghala la nafaka, daraja, kiwanda cha matofali. Milima na miti ni kazi yangu. Mabehewa ya gadi, yale ya mkiani kabisa ambamo gadi alikaa na jiko lake akiichunga treni, yalikuwa kazi ya Leland, na hakuna aliyebisha.

Maisha yake yote alikuwa mchomeleaji, na vidole vyake ni vinene kama soseji. Lakini alinunua maboksi ya mabehewa ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ya reli za watu wengine, akayakatakata. Alichukua ubavu wa hili na paa la lile. Kibanda cha juu ya paa, ambacho gadi alipanda kuchungulia, alikisogeza nyuma, kwa sababu karakana ya Tamarack ilikiweka huko. Madirisha yasiyotakiwa aliyaziba kwa plastiki na gundi, akapiga msasa, akatoboa mengine mahali pake. Marehemu mkewe, Darlene, alituambia amezoea kukuta vijingazi vya mabehewa kwenye sahani ya siagi.

Kati ya yote, moja lilikuwa moyo wake. Lilikuwa behewa la baba yake.

Mzee Matusek alikuwa gadi wa Tamarack. Wakati wa mgomo mmoja mtu alirusha jiwe, likavunja dirisha la kushoto la behewa lake na kumchana shavu. Karakana haikuwa na kioo. Mzee akatafuta bamba la chuma, akaliziba dirisha mwenyewe, akalipaka rangi nyekundu, na likabaki hivyo mpaka behewa likawa chuma chakavu. Hakuna aliyewahi kulipiga picha upande ule. Leland alikuwa mtoto wa kumpelekea baba yake chakula, na alimsubiri ndani, kichwa amekiegemeza kwenye bamba lile. Kwa hiyo behewa lake dogo lilikuwa na bamba, limepinda kidogo kwenye pembe moja. Hakuna behewa jingine la Tamarack lililowahi kuwa nalo.

Haya yote aliyajua Royce Truax kabla yetu sote. Royce alisoma na Leland, alisimama naye kwenye harusi yake, akabeba jeneza la Darlene. Siku moja akamwomba, mimi nikiwa pale napaka miti.

"Niazime lile la mzee wako, ndugu yangu. Nataka kulipiga picha kwa ajili ya kalenda ya klabu."

"Usiliangushe."

"Kwani ni yai?"

"Ni zaidi ya yai, Royce."

Alilirudisha likiwa limefungwa kwenye pamba, pamoja na soseji alizozikausha kwa moshi mwenyewe. Kalenda haikutoka. Hatukuuliza.

Majira ya baridi yaliyofuata Royce aliingia klabuni na katoni, uso umemchangamka kama bwana harusi. Kiwanda kimoja kilikuwa kimetoa behewa la gadi la Tamarack Valley, la kweli hatimaye, kibanda kikiwa nyuma panapostahili. Watu wakamzunguka. Leland akavaa miwani, akatazama ubavu wa kulia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaligeuza. Dirisha la kushoto lilikuwa na bamba jekundu, limepinda kidogo kwenye pembe moja.

Kwenye boksi, kwa herufi ndogo, waliandika: utafiti na vipimo, Royce Truax.

"Bamba hili umelitoa wapi?" Leland aliuliza polepole.

"Nina picha za marehemu mjomba," Royce akajibu bila kupepesa macho. "Mabehewa yote yalikuwa nalo, mzee. Karakana ndivyo ilivyofanya."

Nilitamani kummwagia kahawa yangu. Leland alirudisha behewa kwenye boksi lake, akafunga kifuniko vizuri, akachukua koti. Nilimfuata hadi kwenye gari lake.

"Angeniomba, ningempa," aliniambia. "Ningempa vyote, hata kisu changu. Sasa amemchukua na baba yangu."

Kufika majira ya kuchipua karibu kila mwanachama alikuwa na behewa lile la kiwandani. Treni zilipita mbele ya Leland, moja baada ya nyingine, na kila moja ilivuta mkiani lile jeraha la baba yake. Kip Dallman, mwanachama mpya na mtu mwema, aliliinua behewa la Leland mwenyewe.

"Umejitahidi, mzee. Limekaribia kabisa lile la kiwandani."

"Asante," Leland alisema. Alilichukua behewa mkononi mwa Kip, akalirudisha relini.

Kila vuli tunafungua milango kwa watu wa mji, na treni ya mwisho ya siku hufungiwa behewa la gadi la mwanachama mkongwe kuliko wote. Ni heshima yetu, na mkongwe ni Leland. Alikuja na behewa la baba yake ndani ya skafu, akaliweka relini. Nikainama kutazama. Bamba halikuwepo. Alikuwa amelikata, na mahali pake pana kioo safi.

Royce alikuwa anawaeleza wageni historia, kwa sauti yake ya kihubiri. Jicho lake likatua kwenye behewa. Sasa sisi watu wa treni ndogo tuna ugonjwa mmoja: tukiona kosa hatuwezi kunyamaza, hata kama nyumba inaungua.

"Leland, hapo umekosea bwana," akasema mbele ya watu wote. "Hilo si la kuwekwa kioo. La mzee wako ndilo lililokuwa na bamba. La mzee wako peke yake."

Chumba kizima kilisikia. Kip Dallman akalitazama behewa lake jipya, kisha akamtazama Royce.

"Nani alikuambia?" Leland akauliza.

Royce akawageukia wageni. Shingo ilimwiva nyekundu. Leland hakungoja jibu. Alizungusha kidhibiti cha mwendo, treni ikaondoka taratibu, ikapita ghala la nafaka na daraja.

Wanachama wengi wamerudisha mabehewa yao madukani, na Royce bado anakuja. Leland humsalimia kama unavyomsalimia karani wa posta. Bamba analitunza kwenye kisanduku chake cha miwani. Nilimuuliza kama atalirudisha dirishani.

"Mahali pake wameshapachafua," aliniambia.

Behewa la baba yake mpaka leo lina kioo.