Damu Iliyomo Tumboni mwa Ndorobo

Kitambaa nilikinunua mwenyewe sokoni Mpanda, cha bluu na cheusi, na fundi mmoja wa mtaa wa Shanwe akanishonea mitego huku analalamika kutwa nzima: nguo gani hii haina mikono wala shingo? Nikamwambia ni nguo ya ndorobo. Akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Lakini ndiyo hivyo. Ndorobo, yaani mbung'o, akiona bluu huifuata akidhani kapata mnyama, anatua kwenye cheusi, anapanda juu kutafuta mwanga, anaingia kwenye chupa na kutoka hawezi. Haina maajabu yoyote. Sikujua kwamba kitambaa hicho kitafanya watu wa kwetu waache kunisalimia.

Nilikuwa nimepata ufadhili wa masomo, na hapo naomba nieleweke, maana watu wanasema "kapata skolashipu" kana kwamba mtu kaokota kitu njiani. Niliomba huku, nikaomba kule, nikajibiwa "tunasikitika" mpaka nikalichukia neno lenyewe. Shahada ya kwanza nilisomeshwa na ng'ombe wa baba. Mkopo ulinipitia mbali, na kila muhula ng'ombe mmoja alitoka zizini kwenda mnadani. Nilipotaka kuendelea na shahada ya pili ya biolojia niliapa kuwa hauzwi hata ndama kwa ajili yangu. Kwa hiyo siku msimamizi wangu, ambaye wanafunzi wote tunamwita Dokta, aliponiambia kuna mfadhili wa nje amekubali kulipa ada na gharama zote za utafiti, nilipiga kelele kwenye korido kama mwehu. Sharti la maana lilikuwa moja. Utafiti ufanyike Katavi, ndani ya hifadhi, na matokeo wapewe pia wenye hifadhi. Nikasema hilo nalo sharti? Si nyumbani kwetu!

Kwetu ni upande wa Mwamkulu. Wazazi wangu walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, wakafyeka, wakalima mahindi, wakakaa. Ukimaliza mashamba unakuta kijito, na ng'ambo ya kijito ndiyo hifadhi inaanza. Kiangazi kijito chenyewe kinakuwa mchanga mtupu, mtu anavuka na kandambili zake bila kulowa.

Kazi yangu ilikuwa kujua ndorobo wa pori lile wanakula nini. Unamtega aliyeshiba, unampasua, damu iliyomo tumboni unaipeleka maabara, na maabara inakwambia kama ni ya nyati, ngiri au kiboko. Kila nilipoingia porini nilisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya tembo. Watu walituona tukipita. Mimi mbele na vitambaa vyangu, askari nyuma na bunduki yake, tunavuka kijito na kuanza kufunga vitambaa vya bluu, mti hadi mti. Sasa wewe ungefikiri nini?

Walifikiri ni bikoni, zile alama za mpaka. Walisema hifadhi inasogezwa, mipaka mipya inapimwa, na binti wa mzee fulani ndiye katumwa kuipima. Bikoni za nguo! Mimi nilicheka, kusema kweli. Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji na mtego mmoja mkononi, nikaeleza kuanzia bluu mpaka chupa. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyebisha. Mwishoni mama mmoja jirani yetu akasimama akauliza, "Na hayo majibu ya huko maabara, mwanangu, wanapewa nani?" Nikajibu bila kufikiri kwamba wanapewa chuo, mfadhili na hifadhi. Akasema, "Ahaa," akakaa chini. Ile "ahaa" yake ilinitembea mgongoni.

Mama yule alikuwa na sababu. Kiangazi cha nyuma mume wake alikamatiwa ng'ombe ndani ya hifadhi, zizi zima, kesi ikapelekwa mahakamani na wakaishia mnadani. Mzee aliyekuwa akiamka anasikia kengele za ng'ombe wake siku hizi yuko Kibaoni, anapalilia mpunga wa watu kwa kibarua. Nyie mnaokaa mjini mtasema si atafute biashara. Sawa. Njooni mmwambie wenyewe.

Wiki chache baadaye tuliamka tukakuta mtego wangu mmoja umekatwa porini na kufungwa kwenye lango la zizi letu. Haukuwa umechanwa. Ulikuwa umefungwa vizuri, kwa fundo la kuvutia, kama mtu anayefunga zawadi. Baba aliufungua taratibu, akaukunja, akanipa. Nilitegemea atatukana. Akaniuliza, "Mayu, huyo mfadhili wako anataka nini?" Mayu ni mama, ndivyo Wasukuma tunavyowaita hata mabinti zetu. Nikamwambia anataka elimu iongezeke. Baba akatafuna mswaki wake, akatema pembeni. "Mtu yuko huko kwao, hajawahi kuumwa na ndorobo hata mmoja, anatoa mali yake ajue ndorobo wa Katavi kala nini. Basi tu?" Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo, basi tu, watu wengine wanapenda kujua vitu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya woga.

Majibu yakaja mchana, niko mjini Mpanda natoa chaja kwenye begi ili nichaji simu kwa fundi. Dokta akapiga. Sauti yake ilikuwa juu.

"Umekaa? Tafuta pa kukaa. Mitego ya kule ndani kabisa, ile ya karibu na bwawa, unajua ndorobo wake wamekula nini?"

"Nyati," nikasema.

"Ng'ombe! Ng'ombe, binti! Si mmoja wala wawili. Ndorobo habebi damu tumboni zaidi ya siku chache na hasafiri mbali. Maana yake ng'ombe wako pale pale, ndani kabisa, muda wote. Umegundua njia ya kujua mifugo iko wapi bila kuiona! Mfadhili atafurahi sana. Hongera."

Nikamwambia asante. Watu walipita na mizigo yao, bodaboda zinapiga honi, na mimi nimesimama na simu sikioni muda mrefu baada ya Dokta kukata. Nilifurahi, sitadanganya, kwa muda wa kama kumeza mate. Kisha nikaita bodaboda inirudishe Mwamkulu.

Anayechunga ng'ombe wetu ni kaka yangu mkubwa. Nilimkuta kisimani anachota maji, nikamuuliza waziwazi kiangazi hiki analishia wapi.

"Mbona unauliza kama askari?"

"Kaka, nijibu."

Akaweka ndoo chini. Akanionyesha mashamba, mabua makavu na vumbi mpaka macho yanapoishia. "Msomi, hebu nionyeshe wewe majani yako wapi. Tangu tuko wadogo, ukifika mwezi wa nane, ng'ombe wanaenda wapi? Baba anajua, kila mtu hapa anajua. Hao waliouzwa ukasoma, unafikiri walinenepa kwa kula nini, mchanga?"

Nilijua na sikujua, kama unavyojua kuna shimo uani na kila siku unalipita pembeni bila kuangalia.

Jioni ile, jua bado lipo, nilimweleza Baba kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu, na ndilo swali ambalo Dokta naye alikuwa tayari ameshaliwaza. "Hiyo damu inasema ni ng'ombe wa nani?"

"Hapana, Baba. Inasema ng'ombe tu."

Akashusha pumzi. Nami nikashusha. Siku zile chache tulikula vizuri, hata kaka akarudia kunitania, akawa ananiita Bibi Ndorobo.

Halafu Dokta akapiga tena. Mfadhili alikuwa amekubali kunilipia na shahada ya uzamivu. Uzamivu! Miaka yote, ada yote, pamoja na safari ya kwenda nje kujifunza maabara zao. Na utafiti wenyewe ulikuwa huu: tuchukue damu ya ng'ombe wa kila zizi, tuilinganishe na damu iliyokutwa kwenye ndorobo, kama wanavyolinganisha ya mtoto na ya baba. Ng'ombe mmoja mmoja atajulikana. Afisa mifugo atatangaza kwamba wote waje joshoni, waogeshwe, wapimwe nagana, ule ugonjwa wa ndorobo, watibiwe bure. "Na watibiwe kweli," Dokta akasema, "mimi si mtu wa kudanganya watu. Wewe utawatoa ng'ombe damu kwa sababu watu wanakufahamu."

Nilimuuliza, na wale watakaolingana je?

Akajibu: "Sisi tunaandika tulichokiona. Yanayofuata si kazi yetu." Hakuwa mtu mbaya Dokta. Aliniombea nafasi ile kwa moyo wake wote, na ndiyo maana sikuweza hata kumtukana.

Nikamwambia Baba nimeamua kuacha. Nitarudi nyumbani, nitafundisha sekondari, yaishe. Hapo ndipo alipokasirika, na mimi Baba sijamwona akikasirika mara nyingi. "Ukiacha, wale niliowapeleka mnadani watarudi? Ee? Watarudi?"

"Hapana, Baba."

"Ukiacha wewe, hao watu wataacha?"

"Wataleta mwingine."

"Basi."

Nikamsihi awahamishe ng'ombe kabla ya siku ya josho. Akacheka kicheko kibaya. "Niwapeleke wapi? Nilipotoka Usukumani pori lilikuwa mbele yangu. Sasa mbele ni wapi, ziwani?" Tena akasema zizi letu likikosekana joshoni, hilo lenyewe ni jibu, hata bila maabara. Nikasema basi tuwaambie majirani. Akatikisa kichwa. Tukiwaambia, kabla ya siku ya pili hakuna ng'ombe atakayebaki Mwamkulu, na wa kwanza kuulizwa nani alitoa siri ni mimi. "Wewe huendi kwenye mambo ya polisi kwa sababu ya ng'ombe wangu," akasema. Kaka alikuwa amekaa pale anachonga mpini, na kisu kilikuwa kinachimba mti kuliko kinavyotakiwa.

Siku ya josho watu walikuja kama kwenye sherehe. Tiba ya bure jamani, nani atakataa? Kulikuwa na vumbi, milio ya ng'ombe, harufu ya dawa, wanawake wanauza maandazi pembeni. Walionikalia kimya miezi yote walianza kunisalimia. "Mwangaluka, mayu! Kumbe ndiyo kazi yako hii, ungetuambia mapema!" Mama jirani wa "ahaa" alikuja na mbuzi wake wawili, akauliza kama na mbuzi wanapimwa, akanishika mkono akaniombea heri. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna sumu niliyowahi kunywa, lakini nadhani inakuwa na ladha kama ile asubuhi.

Baba hakumtuma kaka peke yake. Aliwaleta ng'ombe mwenyewe, kavaa koti lake la kanisani kwenye jua lile, kofia kaipangusa vumbi vizuri. Akapita katikati ya watu akisalimia kila mmoja. Alipofika kwenye meza yangu alimtanguliza jike mmoja mweupe mwenye madoa, mpole, mama wa nusu ya zizi letu. Akamshika pembe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamfunika jicho asione sindano.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini, "turudi nyumbani. Nitasema sindano zimeisha."

"Watu wanatuangalia, mayu. Choma."

Nikatafuta mshipa wa shingo kwa kidole. Ukaonekana mara moja, umenona, ng'ombe mwenye afya. Nikachoma. Ng'ombe akashtuka, na Baba akaanza kumwimbia taratibu kwa Kisukuma, maneno ya kumbembelezea mtoto anapochomwa chanjo. Damu ikaingia kwenye kichupa, nyeusi, inatoa joto. Nikafunga kifuniko, nikakibandika namba, nikakilaza kwenye barafu. Nilikuwa nalia, na majirani walidhani ni vumbi.

Baba akamwachia jike aende zake. Akapangusa kiganja kwenye koti, akaangalia kile kichupa kimoja kwenye sanduku, kisha akaniangalia mimi kwa uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Imetosha?"

Nyuma yake kaka alikuwa anasukuma zizi zima lisogee karibu.

"Bado, Baba," nikamwambia. "Wanataka wote."